Bibi Harusi Haangalii Nyuma

Jumamosi, kuanzia saa saba mchana, barabara ya Namanga huwa na misafara yake. Ukiwa kwenye kifodi kutoka mjini, ukishapita Sakina na Kwa Idd, utayasikia matarumbeta kabla hujaiona pikapu iliyoyabeba: vijana sita wamesimama nyuma, mashavu yamevimba, na wa saba amekaa kinyumenyume ukingoni na kamera ya video begani. Nyuma yao linafuata gari lenye maua na riboni, halafu Noah tatu nne za wapambe na wanakamati. Abiria wenzako watanyoosha shingo. Mmoja atasema gauni limemkaa vizuri. Mwingine, ambaye hata hilo gauni hajaliona, atakubali.

Msafara huo mara nyingi hauendi ukumbini moja kwa moja. Unakwenda kupiga picha. Wenye mafuta ya kutosha kwenye gari wanavuka jiji zima mpaka Ziwa Duluti, kule Tengeru. Wa kwetu Ngaramtoni wengi wanapanda Olmotonyi, kwenye misindano ya chuo cha misitu, kwa sababu ni karibu na kwa sababu miti iliyopandwa kwa mstari humpa hata mpiga picha mvivu kitu cha kufanya. Kuna Jumamosi nilikuta maharusi wa harusi nne wanasubiriana kwenye njia moja, mashela yamekusanywa mikononi yasishike vumbi. Kila bibi harusi, au mpambe wake, alikuwa na simu yenye picha ya kuigiza. "Tunataka kama hii." Picha ya kwenye simu ilipigwa Lagos, au Cape Town, au mahali penye bahari ya bluu ambayo Olmotonyi haitaipata hata ukiiombea.

Siwacheki. Kuiga ni shule ya kwanza ya kila fundi, hata sisi tunaoandika tulianza kwa kuandika kama mtu fulani tuliyemsoma kidato cha tatu. Ila nimekaa kwenye harusi nyingi, kwa kazi na kwa undugu (mimi mwenyewe sijaolewa, na hakuna shangazi anayeniruhusu nilisahau hilo), na kitu kimoja kimekuwa kikinisumbua. Maharusi wanapewa picha mia sita kwenye flashi. Baada ya mwaka mmoja, hata wao wenyewe wanakumbuka moja au mbili. Na hiyo moja, mara nyingi kuliko unavyofikiri, si ile waliyoionyesha kwenye simu. Inatoka wapi?

Jibu la kwanza nililipata kwenye harusi ya binamu yangu, mtoto wa mama mdogo. Aliolewa kutoka nyumbani kwao juu ya Ngaramtoni, kule ambako barabara inaanza kupanda na migomba na kahawa vinabanana kwenye shamba moja. Asubuhi ya kwenda kanisani uwanja ulikuwa umejaa. Koko, ndivyo tunavyomwita bibi sisi Waarusha, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na geti, shuka lake jipya, shanga zake zote. Alishamnyunyizia mjukuu wake maziwa kwa nyasi mbichi na kusema maneno yake ya baraka kwa sauti ya chini, nasi tukaitikia. Binamu akaanza kutembea kwenda kwenye gari.

Sasa, kila mtu mwenye simu anaijua picha inayotakiwa hapo. Bibi harusi anatembea kwenda mbele, shela linaburura, halafu anageuka nusu, anaangalia nyuma juu ya bega, anatabasamu. Ipo kwenye kila albamu nchi hii. Mpiga picha alikuwa amejipanga nyuma yake na magoti chini. Akaita, "Bibi harusi! Geuka kidogo, tazama huku."

Koko alipiga kelele. Yaani mwanamke mwenye zaidi ya miaka themanini, aliyekuwa amekaa tangu alfajiri bila kunyanyuka, alisimama. Alisema kwa Kiarusha maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama hivi: asigeuke, msimgeuze mtoto wangu!

Kwetu, na kwa Wamaasai ambao lugha yetu ni moja, binti anayeondoka nyumbani kwa wazazi wake kwenda kuolewa haangalii nyuma. Wazee husimulia kwamba akiangalia nyuma atageuka jiwe. Binamu yangu ana shahada ya uhasibu na anafanya kazi mjini. Hakugeuka. Alisimama pale pale, mgongo kwetu, bega lake la kulia limeanza kusogea na limezuiwa katikati, na uwanja mzima ukanyamaza ukimsubiri mpiga picha.

Hapo ndipo mpiga picha wa kawaida angecheka kwa aibu na kusema tuendelee. Huyu hakucheka. Alisema, "Samahani bibi," akazunguka mbio kupitia kwenye migomba, viatu vyake vikateleza, akatokea mbele ya gari, akalala karibu na tairi. Halafu akamwambia binamu, kwa sauti ya mtu anayemwongelesha mdogo wake, "Dada, tembea tu. Njoo kama unavyokwenda."

Picha iliyotoka ni hii. Bibi harusi yuko mbele, uso wake hauko wazi kabisa, umefifia kidogo, midomo imebanwa. Nyuma ya bega lake, kwa ukali wa kuhesabika nyuzi, yuko mama yake mdomoni ameweka mkono, na pembeni yake koko amesimama bado ameinua fimbo. Binamu hakuwaona walivyokuwa. Hakutakiwa kuwaona. Aliuona uso wa mama yake wa asubuhi ile wiki mbili baadaye, kwenye laptopu, sebuleni kwa mumewe, na anasema alifunga laptopu akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Nilimtafuta yule mpiga picha. Ana kibanda karibu na stendi: picha za pasipoti, kutoa kopi, kutuma na kutoa pesa kwenye simu. Siku za soko, Alhamisi na Jumapili, hapati hata nafasi ya kula. Mtaji wa harusi ulitokana na picha za pasipoti, na mpaka leo anasema shule yake ni pale. "Dada, mtu akija kupiga pasipoti anajua hatakiwi kucheka. Basi anakuwa yeye." Nilimwomba nimfuate Jumamosi kadhaa. Alikubali kwa sharti kwamba nibebe mwavuli wa taa.

Nilidhani atanieleza mambo ya lenzi. Alinieleza Tanga, kwao. Kule, akasema, ukiingia na kamera kwenye shughuli ya wanawake, bibi harusi amepambwa, nywele wazi, wenzake wanacheza, hutatoka umetembea. Siku hizi hata simu zinakusanywa mlangoni, zinawekwa kwenye mfuko, kuna mama amekaa nazo. Dada zake ndio waliokuwa wakipiga, na hata wao kwa ruhusa, na kwa ahadi kwamba picha hizo hazitamfikia mwanamume asiyehusika. "Kwa hiyo bibi yako alivyosema asigeuke, mimi sikushangaa. Nimekulia kwenye harusi ambazo ukiulizwa umeona nini, jibu sahihi ni sijaona. Ukishazoea hivyo, unaanza kutafuta kitu kingine cha kupiga. Unapiga viatu mlangoni. Unapiga mikono ya mama mwenye mfuko wa simu."

Mtafiti wa Kijerumani, Heike Behrend, amechapisha kitabu kizima juu ya jambo hili, mwaka 2013: upigaji picha katika pwani ya Afrika Mashariki, na jinsi watu wa huko, hasa wanawake, wanavyobishana na kamera kuhusu nani aonekane na nani asionekane. Nilipokisoma nilitarajia habari za makatazo tu. Badala yake niliona jinsi katazo linavyozaa vitu. Mkono uliofunikwa hina ukapata umuhimu kwa sababu uso haukutakiwa. Sisemi kila katazo ni zuri. Nasema tu kwamba nikiziangalia picha ninazozikumbuka, karibu kila moja ina kitu ambacho mpiga picha alikatazwa, au alikosa.

Hii si habari mpya katika sehemu zetu. Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akairithi. Ukutani pale utawaona masultani, lakini pia watu wa kawaida waliovaa nguo zao bora wakasimama wima mbele ya kamera kama wanaapishwa. Mombasa, N. V. Parekh alikuwa na studio yake kuanzia miaka ya 1940, na walioingia humo hawakwenda kupigwa walivyo. Walikwenda kupigwa wanavyotaka kuwa. Miaka ya 1990 kandokando ya kivuko cha Likoni kulikuwa na vibanda vya picha vyenye mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba, maua ya plastiki yamejaa hadi juu. Mtu ameshuka kwenye feri, jasho bado halijakauka, anasimama mbele ya ndege. Na mbali zaidi, Bamako, Seydou Keïta alipofungua studio yake mwaka 1948 pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitandani kwake, lenye nyuzi za kuning'inia. Leo shuka lile liko kwenye makumbusho za Ulaya na Marekani, limebeba mgongoni wateja wake. Hakuwa na pazia, alikuwa na kitanda.

Rafiki yangu wa Ngaramtoni hamjui Keïta. Nilimwonyesha picha kwenye simu. Aliangalia sana, akakuza kwa vidole viwili kona moja, akasema, "Huyu mama saa si yake." Kweli, Keïta alikuwa akiwaazima wateja saa, kalamu, redio. Alijuaje? "Anavyouweka mkono. Mwenye saa yake hauweki hivyo."

Tatizo kubwa la wapiga picha wa Ngaramtoni ni mlima. Mlima Meru ni wa pili kwa urefu Tanzania, zaidi ya mita 4,560, na uko pale pale juu ya vichwa vyetu. Kila maharusi wanautaka nyuma yao. Lakini Meru una tabia zake. Alfajiri uko wazi, kila korongo unaliona. Ikifika saa nne, mara nyingi wingu limeshaufunika, na ibada inakwisha saa nane. Kwa hiyo watu wanapiga picha mbele ya ukungu na baadaye kijana wa kompyuta anaupandikiza mlima. Nimeona albamu ambayo Meru umetokea mara mbili kwenye picha moja. Nimeona nyingine ambayo mlima uliopandikizwa ni Kilimanjaro, na hakuna aliyesema kitu, kwa sababu bwana harusi alikuwa Mchaga.

Huyu wa Tanga akaamua kwamba kama mlima hauji kwenye harusi, harusi iende kwa mlima. Akaanza kuwaambia wateja wake atafika nyumbani kwa bibi harusi saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya msusi, kabla ya mtu wa vipodozi. Wengi walikataa. Nani anataka kupigwa picha na nywele zimefungwa kitambaa? Mmoja akakubali, labda kwa usingizi. Nilikuwepo siku hiyo nimebeba mwavuli ambao haukufunguliwa hata mara moja.

Binti alitoka nje amevaa kanga mbili na ndala, akaenda bandani kumkamulia mama yake ng'ombe, kama alivyofanya kila siku tangu darasa la tano. Si kwamba aliambiwa akamue kwa ajili ya picha. Ng'ombe hajui kuna harusi. Banda lilikuwa la mabanzi na mabati ya zamani, tope mpaka kifundoni. Juu ya paa lile la kutu, Meru wote, mwekundu kwa jua linalochomoza, na binti chini amepumzisha paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, macho kafumba. Kwenye mkono unaokamua ana kucha ndefu za bandia, nyeupe, zilizobandikwa jana yake usiku. Alikuwa anakamua kwa taabu kwa sababu ya hizo kucha, na unaiona taabu yenyewe.

Mimi ni mtu wa maneno na sijawahi kuandika sentensi inayosema mengi kama zile kucha.

Mama yake aliichukia picha ile. Wala hakuficha. Kamati ilikaa vikao vitano, watu wamechanga, ukumbi umepambwa, ndafu mbili zimechomwa, halafu mtoto anarudi na picha ya banda la tope? "Mnataka watu wa Dar waseme tunaishi hivi?" Nilijaribu kumwelewa na nilimwelewa haraka kuliko nilivyotaka. Harusi kwetu ni siku ambayo familia inajionyesha. Kadi ya mchango inaandikwa kiasi, watu wanaona nani kachanga nini, na picha ndiyo risiti ya yote. Ukimpa mama huyo picha ya banda ni kama umempa risiti yenye jina la mtu mwingine. Na mpiga picha naye alikuwa na neno lake, kwamba binti ndiye mteja, na binti ameipenda. Wakabishana kwa heshima sana, "mama angu" na "mwanangu" kila baada ya sentensi, na hawakufika popote. Picha iko sebuleni kwa binti, Njiro, imechapishwa kubwa. Mama akienda kumtembelea anakaa kwenye kochi linaloipa mgongo. Mpaka leo.

Napenda kusema mpiga picha alikuwa sahihi. Siku nyingine sina uhakika. Kuna wapiga picha wageni wamepita Arusha miaka na miaka wakitafuta tope letu na mashuka yetu, na mama yule ameshawaona. Tofauti ninayoweza kuieleza ni kwamba huyu alikuwa na namba ya simu ya yule binti, na alikuwa amemuuliza, na ng'ombe alikuwa akikamuliwa hata asingekuja. Kama hiyo inatosha, sijui mama angesema nini. Ninajua angekaa kochi gani.

Nyumbani kwetu picha ya harusi ya wazazi wangu si picha ya harusi.

Walifunga ndoa Desemba 1983. Wanaokumbuka miaka ile wanaijua bila mimi kuisimulia: vita ya Kagera imekwisha lakini deni lake halijaisha, sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, kanga ikija dukani habari inatangulia kijiji kizima. Filamu ya kamera ndiyo kabisa. Mama aliazima gauni kwa mwanakwaya mwenzake, akaolewa nalo kanisani, akalirudisha limefuliwa kwa sabuni ambayo baba aliitafuta siku tatu. Hakuna aliyekuwa na kamera. Mchungaji aliandika kwenye kitabu, basi.

Mwaka 1985 baba alipata pesa kidogo ya mahindi na akaamua watapiga picha. Mama akaenda kuliazima lile gauni tena, akalikunja ndani ya kikapu, kanga juu yake, wakapanda gari asubuhi kwenda studio moja mjini. Kaka yangu, aliyezaliwa mwishoni mwa 1984, alikuwa mgongoni. Studio ilikuwa na pazia lililochorwa ngazi za jumba na nguzo. Ilikuwa na maua ya plastiki. Ilikuwa na tai, na baba, ambaye hakuwa na tai, akavalishwa ya studio. Gauni lilikuwa limembana mama kifuani kwa sababu alikuwa ananyonyesha. Wakafungua vifungo viwili vya mgongoni ambavyo kamera isingeviona.

Shida ikawa mtoto. Maharusi hawawezi kuonekana na mtoto, picha itasema uongo wa pili juu ya ule wa kwanza. Akapewa kijana msaidizi wa studio amshike pembeni. Kaka akalia. Mpiga picha akaingia chini ya kitambaa chake akasema tulieni, akahesabu, akabonyeza.

Baba anaangalia kamera moja kwa moja, kidevu juu, kama mtu anayedaiwa lakini leo amelipa. Mama anaangalia kulia kwake, nje ya picha, shingo imenyooka kuelekea kule. Ukiwa hujui, utasema ana haya, au anaota mambo ya mbele, au ni pozi la wakati ule. Wageni wamesema yote hayo. Dada wa baba aliwahi kusema mama alionekana hajamtaka baba. Anamwangalia mtoto anayelia, ndiyo habari yote, na kwa miaka yangu kumi ya mwanzo nilikuwa nikiitazama ile picha ukutani nikijaribu kuona kaka amesimama wapi.

Waingereza wenyewe wana hadithi inayokaribiana na hii. Malkia Victoria aliolewa mwaka 1840 amevaa nyeupe na dunia ikamfuata. Picha ya kamera ya siku ile haipo. Zile ambazo watu wengi huzidhania kuwa za harusi yake, yeye na Albert, zilipigwa na Roger Fenton mwaka 1854, na kufikia hapo walikuwa na watoto wanane. Mama nilipomwambia alifurahi sana. "Kumbe! Na wao nani aliwashikia?"

Baba alifariki mwaka 2016. Kwa ratiba ya ibada ya mazishi ilitakiwa picha yake, ya mbele, usoni. Picha za simu zilikuwepo lakini zote amekonda, au amefumba macho, au yuko na kuku. Picha nzuri ilikuwa moja. Ikaenda kwa mtu wa kuchapa, naye akamkata baba kutoka kwa mama kwa mkasi wa kompyuta, akawa peke yake na tai ya studio. Lakini maua ya plastiki mama alikuwa ameyashika katikati yao, kwa hiyo majani mawili na ua moja vikabaki kwenye bega la baba, na pembeni, kama mstari mweupe, ukingo wa mkono wa gauni la kuazima. Nakala mia tatu. Watu walizikunja wakajipepea kaburini, jua lilikuwa kali.

Nilimweleza mpiga picha wa Tanga habari hii tukiwa tunasubiri zamu Olmotonyi. Hakusema kitu muda mrefu. Jioni ile niliona anawapiga maharusi kila mmoja peke yake, picha moja moja ya utulivu, uso tu, bila maua. Hawakuiomba. Wala hakuwaambia ni ya nini.

Mwaka jana picha ya wazazi ilianza kuharibika. Maji ya paa yaliingia nyuma ya kioo na madoa ya kahawia yakaanza kumpanda mama kutoka kwenye gauni kwenda juu. Niliipeleka mjini kwa kijana mmoja anayesafisha picha za zamani kwa kompyuta. Ni fundi hasa. Alinionyesha alivyomrudishia bibi mmoja kilemba chake chote kutoka kwenye vipande. Akaiweka ya kwetu kwenye kioo cha skena, ikatokea kubwa kwenye skrini, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba baba alikuwa amejikata wakati wa kunyoa.

"Madoa yatatoka yote," akasema. "Na huyu mama naweza kumgeuza macho, dada. Siku hizi kuna akili mnemba, inachukua dakika mbili. Aangalie kamera kama mwenzake. Ongeza elfu kumi tu."

Nikampigia mama palepale, nikaweka sauti ya wazi ili fundi asikie. Nilimweleza taratibu, kwamba kompyuta inaweza kuyachukua macho yake ikayaleta mbele, picha ikawa kama ya watu wengine.

Upande wa pili nikasikia kuku, halafu redio ikipunguzwa.

"Wakiyageuza," mama akasema, "mtoto atabaki na nani?"

Fundi alicheka akidhani ni utani. Nikamlipa ya madoa.